Chama kikuu cha ushirika ni nini, na kilizaaje mawaziri

Ukipita Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, utaona Jengo la Ushirika, na mtaa huohuo ndipo ilipo ofisi ndogo ya CCM. Wawili hawa ni majirani wa siku nyingi.

Chama kikuu ni chama cha vyama. Wakulima wa kijiji huunda chama cha msingi, ambacho hupima mazao na kumwandikia kila mmoja stakabadhi yake. Vyama vya msingi navyo hutuma wajumbe kwenye chama kikuu, kinachotafuta mnunuzi, magari na mikopo. Gharama hukatwa kwa kila kilo.

Usukumani ugomvi ulianzia kwenye mizani. Ikila kilo 2 katika kila mzigo wa 40, mwenye pamba kilo 400 hulipwa za 380, na karani huapa kwamba mizani ni nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake waliwakusanya wakulima kwa kero hiyohiyo. Mwaka 1955 vyama vya kanda ya Ziwa viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Bomani akiwa meneja mkuu. Wakati huo serikali ya kikoloni iliizuia TANU kufungua matawi Jimbo la Ziwa, zuio lililodumu hadi 1958. Mikutano ya pamba iliendelea. Kwa hiyo meneja wa ushirika alikuwa na kitu ambacho mwanasiasa wa Dar hakuwa nacho: mjumbe anayemfahamu karibu kila kijiji, na sababu halali ya kwenda huko. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha. George Kahama, aliyetokea ushirika wa kahawa wa Bukoba, naye aliingia baraza la mawaziri.

Ngazi hiyo ilikuwa na ubovu wake. Kiongozi akishazoea kura, hesabu za chama humchosha. Madeni hurundikana na mkulima hungoja malipo ya msimu uliopita. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu, dawa iliyozidi ugonjwa kwa maoni yetu, na sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha.

Wizi wa mizani bado huzuiwa palepale penye mizani. Kabla ya kupima, isome ikiwa tupu: lazima ionyeshe sifuri. Weka jiwe la kilo 20 lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Pima gunia tupu, uzito wake utolewe, na usiondoke bila stakabadhi inayolingana na daftari la karani.