Kaliba adimu kwenye ulengaji shabaha wa vitendo: maana yake hasa

Ukimtajia mtu kaliba adimu (kaliba ni aina ya risasi ambayo bastola imetengenezewa), haraka atafikiria risasi kubwa ya kutisha. Kwenye mashindano ya bastola ya ulengaji wa vitendo, yaani kupiga shabaha kwa usahihi na kwa kasi, chini ya kanuni za shirikisho la kimataifa, IPSC, au za ndugu yake wa Marekani, USPSA, ukubwa hauhusiki. Kaliba ni adimu pale ambapo ukimaliza zamu yako na kuinama kuokota maganda ili ukayajaze tena, unayatambua ya kwako papo hapo, kwa sababu kikosi kizima hakuna mwingine anayeipiga. 9x19 (kipenyo milimita 9, ganda la urefu wa milimita 19) imejaa kila mahali. .45 na .40, zinazopimwa kwa inchi, nazo hazitafutwi kwa tochi. Ila .38 Super, 9x21, 10mm Auto, .357 SIG na .45 GAP, hizo mwenye nazo huulizwa maswali.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu ajitafutie taabu hiyo? Jibu limo ndani ya kipimo cha nguvu. Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza: chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, zidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Kichwa cha greni 124 kikitoka kwa futi 1,100, kipimo chake ni 136.4. Greni moja ni kama gramu 0.065, lakini uwanjani hutasikia mtu akitaja gramu.

Ukifika 125 unahesabiwa maina, daraja la chini la nguvu. Ukitaka kuhesabiwa meja (si cheo cha jeshi, ni daraja la juu la nguvu), IPSC wanadai 170 kwenye divisheni (kundi la aina ya bastola) ya Standard na 160 kwenye Open, ya bastola zilizoongezewa vifaa. USPSA wanadai 165. Tofauti inaonekana kwenye pointi. Tundu la katikati, eneo A, ni pointi 5 kwa wote wawili. Nje kidogo, eneo C, meja anapata 4 na maina 3. Eneo D ni 2 kwa meja na 1 kwa maina. Jumla ya pointi inagawanywa kwa sekunde ulizotumia.

Tuseme umepiga risasi 16 kwenye kituo kimoja: 12 zimeingia A, 3 C, na moja imeponyoka hadi D. Mwenye meja ana pointi 74, mwenye maina 70. Kama wote wametumia sekunde 10, mmoja ana 7.4 na mwingine 7.0. Ili maina amfikie mwenzake, ilibidi amalize kwa sekunde 9.46 hivi. Nusu sekunde kwenye mchezo huu ni kubadilisha magazini vizuri au vibaya. Lakini angalia upande wa pili: kama zote 16 zingeingia A, meja asingepata hata pointi moja ya ziada, na teke la bastola angelibeba bure.

Hapo ndipo kaliba inapoanza kuwa jibu la swali la kanuni. Nguvu peke yake haina maana. Kinachotafutwa ni njia rahisi ya kuvuka mstari fulani ndani ya divisheni fulani, kwa bastola inayotulia mkononi na magazini inayobeba risasi nyingi.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni .38 Super. Colt waliitoa 1929, na kwa miongo mingi ilikuwa risasi ya wachache. IPSC yenyewe ilizaliwa 1976 huko Columbia, Missouri, rais wake wa kwanza akiwa Jeff Cooper, na enzi hizo .45 ndiyo iliyotamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Rob Leatham na Brian Enos, walengaji wa Marekani, wakaanza kutumia .38 Super kufikia meja. Hoja yao ilikuwa na miguu miwili. Kwanza, magazini ya bastola aina ya 1911 inayoingia .45 saba au nane huingia .38 Super tisa au kumi. Pili, kichwa chepesi kinachokimbia sana kinahitaji baruti nyingi, baruti nyingi hutoa gesi nyingi, na gesi hiyo ukiipitisha kwenye kompenseta iliyofungwa mdomoni mwa kasiba, inafyatuka kuelekea juu na kuusukuma mtutu chini. Yaani moshi wa risasi yenyewe unakusaidia kurudi kwenye shabaha. .45, yenye shinikizo dogo na kichwa kizito kinachotembea polepole, haikuwa na gesi ya kutosha kufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo kaliba iliyokuwa ya pembeni ikawa ya mabingwa. Kilichofuata ni cha kukumbuka. Kuna kipindi kanuni zilikataza 9x19 kuhesabiwa meja kwa kuhofia shinikizo, na ndiyo maana watu walikimbilia 9x21 na .38 Super. Katazo hilo lilipoondoka, walengaji wengi wa Open wakarudi kwenye 9x19, kwa sababu maganda yake yanaokotwa popote. .38 Super haikuharibika kwa usiku mmoja. Ilichopoteza ni sababu ya kuvumilia gharama yake.

9x21 ina kisa chake pembeni. Italia iliwazuia raia kwa muda mrefu kumiliki bastola za risasi za kijeshi, 9x19 ikiwemo. Ganda lilirefushwa milimita 2, kichwa kikazamishwa zaidi ndani yake, na urefu wa risasi nzima ukabaki karibu uleule. Kisheria ni risasi nyingine, kimatumizi ni pacha. Kati ya kaliba adimu zote, hii ndiyo isiyoudhi: kitako cha ganda ni kilekile, magazini ni ileile, kinachobadilika ni kasiba tu. .38 Super haiko hivyo. Kitako chake kina ukingo uliochomoza kidogo, na ukingo huo ndio unaogoma magazini zikipangwa vibaya. Watu walichoka nao hadi ikatengenezwa .38 Super Comp isiyo na ukingo huo.

Sasa mtego. Kwenye Standard ya IPSC, 170 peke yake haitoshi: kichwa lazima kiwe na kipenyo cha milimita 10 au zaidi ndipo uitwe meja. Mtu anayesoma namba tu ataiona .357 SIG na kushangilia. Kichwa cha greni 125 kwa futi 1,350 ni 168.75, bado kidogo tu afike. Lakini .357 SIG, iliyotoka 1994, ni ganda la umbo la .40 lililobanwa shingo ili libebe kichwa cha milimita 9. Hata ukiisukuma hadi 175, Standard watakuandikia maina. Utakuwa umebeba teke la meja, mlio wa meja, bei ya juu kuliko meja, na pointi za maina. Juu ya hayo, ganda lenye shingo lina taabu yake kwenye mashine ya kujazia maganda upya. Siioni sababu yoyote ya kimchezo ya kuichagua.

10mm Auto ni hadithi tofauti. Kipenyo kinakubalika, na kufika 170 kwake ni mteremko: greni 180 kwa futi 950 ni 171, wakati ganda hilo limejengwa kwa zaidi ya hapo. Ila .40 ilitolewa 1990 na Smith & Wesson pamoja na Winchester kufanya kazi hiyohiyo kwenye ganda fupi zaidi. Wapenzi wa 10mm hujitetea kwamba risasi ndefu hupanda vizuri kutoka kwenye magazini ndefu. Kweli, lakini wapiga .40 wanaojaza wenyewe hurefusha risasi zao kwa sababu hiyohiyo, na maganda yao ni rahisi kupata. .45 GAP ya 2003 siiongelei sana: walioinunua wanajua.

Uamuzi wowote unaishia kwenye meza ya kronografu, kifaa cha kupima mwendo wa risasi. Ofisa anachukua risasi 8 kutoka kwenye mfuko wako, wewe huchagui. Moja inang'olewa kichwa na kuwekwa kwenye mizani. Tatu zinapigwa kwa bastola yako mwenyewe kupita juu ya vitambuzi, wastani unazidishwa na uzito. Ukikosa, unapewa nafasi ya tatu nyingine. Ukiwa umetangaza meja kwenye Standard ya IPSC na umeishia 169.4, matokeo yako ya shindano zima yanakuwa ya maina. Ukishuka chini ya 125, unaendelea kupiga kama mtalii, bila pointi. Mwenye 9x19 ana takwimu za maelfu ya watu za kumwongoza afike salama. Mwenye kaliba adimu anajitafutia mwenyewe, na siku ya baridi baruti fulani hupunguza mwendo bila kumuaga.

Kisha kuna safari. Mashirika mengi ya ndege hukubali kilo 5 za risasi kwa abiria. Kwa .40 yenye kichwa cha greni 180, hizo ni kama risasi 300, na mashindano makubwa hutaka zaidi ya hapo. Mwenye kaliba ya kawaida hununua au huazima huko aendako. Wewe utaazima kwa nani?

Jambo moja la usalama linasahaulika. Ganda la 9x19 huingia vizuri ndani ya ganda la .40, na la .40 huingia ndani ya la .45. Ndani ya ndoo ya maganda machafu yanavaana kama vikombe, na jicho lililochoka halioni. Mashine ya kujazia itagundua kwa kishindo. Na 9x19 na .38 Super kwa mbali ni kama kaka na mdogo wake. Ukiweka kaliba mbili kwenye meza moja, visanduku viandikwe kwa kalamu nene pande zote.

Bado ninayo bastola yangu ya .38 Super. Sikuinunua kwa pointi, niliinunua kwa sababu sijapiga kitu kinachorudi kwenye shabaha kwa ulaini ule, na nikiulizwa sijitetei. Mashindano ambayo maganda hayaokotwi siendi nayo, nachukua 9x19. Mengine yote nafika na maganda 200 niliyoyapaka rangi ya wino kwenye kitako. Mara ya mwisho nilirudi na 181, na hayo 19 niliyatafuta kwenye changarawe hadi wenzangu wakazima taa za gari.