Hidrojeni ya moto karibu na shimo jeusi: nani anaipasha?

Wadau, wanafunzi huku Mbarara wananiuliza sana hivi: kama shimo jeusi linameza kila kitu, hiyo gesi mnayopima mnaitoa wapi? Jamani, shimo lenyewe ni dogo mno ukilipima na galaksi yake, na gesi nyingi ya jirani haijaingia bado, inazunguka tu, na ndiyo inayotupa kazi.

Chukua galaksi ya M77, sisi tunaiita pia NGC 1068. Iko mbali miaka ya nuru kama milioni 47, na kwetu ina raha yake maana imekaa karibu kabisa kwenye ikweta ya anga, kwa hiyo Desemba katikati, mnamo saa nne usiku, inapita utosini pa mtu aliyesimama pale Kayabwe, ikweta inapokatiza barabara hapa Uganda. Kwa macho matupu huioni, tafuta darubini. Katikati kuna shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 10 na zaidi, vumbi limeliziba mwanga wa kawaida hautoki, infraredi, ile miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ndiyo inajipenyeza. Na ndiyo galaksi ya kwanza nje ya yetu ambako hidrojeni ya molekuli ilionekana, mwaka 1978.

Sasa hii molekuli ni bubu. Atomu zake mbili zinafanana, kwa hiyo ikiwa baridi haitoi mwanga wa maana, ndiyo sababu gesi baridi tunaitafuta kwa kupitia kaboni monoksaidi iliyochanganyika nayo. Ila ukiipasha mpaka kelvini 1000, 2000 hivi, inaanza kutikisika na kutoa mstari wa mikromita 2.12, yaani mwanga wa infraredi wa urefu huo mmoja wa wimbi, na ikizidi 4000 kwa kugongana tu inavunjika. Yaani tunachokiona ni kile kipande chembamba cha katikati, kimepashwa lakini kimepona.

Anayepasha ni nani? Washukiwa watatu: ultravioleti ya nyota changa, eksirei kutoka diski inayolizunguka shimo, au mawimbi ya mshtuko pale upepo na mikondo ya gesi inayofyatuka kwa kasi inapoigonga gesi iliyotulia. Mimi naanza na mstari wa 2.25, naugawa kwa ule wa 2.12. Ultravioleti kwenye gesi isiyosongamana inanipa kama 0.5, mshtuko unanipa kama 0.1. Shida ni kwamba eksirei nayo inapasha gesi vizuri tu na kutoa namba ndogo vilevile, kwa hiyo uwiano peke yake hauhukumu mtu, lazima uangalie na mstari wa chuma pale 1.64, halafu uangalie gesi inakimbia kwa kasi gani na kuelekea wapi. Nikisoma ripoti imetaja uwiano tu halafu imeshatoa hukumu, siiamini.

Kingine kinachonikera ni mtu kuona 2.12 inang'aa akasema basi hapo gesi ni nyingi. Hapana! Ni kama sigiri, jiko la makaa, usiku, unaona makaa mawili matatu yamewaka, gunia zima nyuma ya mlango hulioni. Gesi baridi huizidi hii ya moto mara laki moja na zaidi. Ndiyo maana tunahitaji darubini za redio za ALMA kule Chile kwa ile baridi, na darubini ya angani ya James Webb kwa ya vuguvugu, mistari ya mikromita 9.66, 12.28 na 17.03, gesi ya kelvini mia kadhaa ambayo kutoka ardhini hewa yetu inatusumbua sana kuipima.