Kampuni kubwa au ndogo? Uliza kwanza utafanya nini

Kazi yangu ni kuajiri watu na kuwashauri wanaotafuta ajira, na swali hili halikauki: "Nimeitwa na kampuni kubwa na nyingine ndogo, niende wapi?" Kabla sijajibu huwa nauliza: siku ya kawaida, katikati ya wiki, utakuwa unafanya nini pale?

Chukua mhasibu. Kwenye kampuni kubwa anaweza kupewa malipo ya wauzaji tu. Ankara ikiingia, anailinganisha na oda ya ununuzi, kisha na hati ya kupokelea mzigo. Zikikubaliana anaipitisha, zisipokubaliana anairudisha. Mwaka ukiisha anaijua kazi hiyo nje ndani, na pengine hajui nyingine. Mwenzake aliye kwenye kampuni ya watu 12 anaandaa mishahara, anashughulikia kodi, anasuluhisha hesabu za benki, anahakiki mali stoo, na jioni anawapigia simu wadaiwa sugu. Huyu anaona pesa inavyoingia na inavyotoka. Lakini akikwama, hana wa kumuuliza.

Hilo la mwisho watu wengi hulipuuza, nami kwa anayeanza kazi naliona zito kuliko yote. Asiye na wa kumsahihisha anaweza kurudia kosa lile lile miaka na miaka akidhani ndivyo kazi inavyofanywa. Kwa hiyo kama ni ajira yako ya kwanza, nitakusukuma uende kwenye mtu anayeijua kazi kukuzidi na mwenye muda wa kukufundisha, iwe kampuni ni kubwa au ndogo.

Kuhusu mshahara, kampuni kubwa kwa wastani hulipa zaidi. Mwaka 1989 wachumi Charles Brown na James Medoff walichapisha utafiti wao wa Marekani, wakaonyesha kwamba pengo hilo lilibaki hata baada ya kuzingatia tofauti za sifa za wafanyakazi na mazingira ya kazi. Kampuni changa hujaribu kufidia kwa kukupa hisa. Zipokee, ila usizipangie matumizi: mara nyingi huwezi kuzigeuza pesa mpaka kampuni inunuliwe au iingie soko la hisa.

Usalama wa ajira ndipo watu wanapojidanganya. Kampuni kubwa inaweza kufuta idara nzima kwa uamuzi wa watu wasiowahi kukuona. Kampuni ndogo inayotegemea mteja mmoja kwa nusu ya mapato yake, siku mteja huyo akiondoka, vibarua vinaota nyasi mwezi huo huo. Kwa hiyo uliza bila woga: wateja wakubwa ni wangapi? Mishahara imewahi kuchelewa? Mwajiri makini atakujibu, na mimi nawaheshimu sana wanaojibu kwa uwazi.

Kisha uliza pande zote mbili: aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi sasa? Kama alipanda cheo, omba uzungumze naye. Kama nafasi ni mpya, taka kujua nani aliiomba na atapimaje kazi yako baada ya miezi sita. Na kama watu watatu wameipitia kwa mwaka mmoja, usisaini mkataba kabla hujakaa na atakayekuwa bosi wako, uso kwa uso, ukamsikia akieleza kwa nini waliondoka.