Uzamishaji wa lugha hauvaliwi kichwani

Katika ufundishaji wa lugha, uzamishaji ni kumweka mwanafunzi mahali ambapo lugha anayojifunza ndiyo ya kufanyia kazi, wala si somo la kukariri. Maana ni hiyo tu, na nisingeandika lolote laiti neno hili lisingetajwa kila miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mvaaji mahali pa kuigiza kana kwamba yumo ndani yake, inapoingia katika darasa la Kiingereza la wanafunzi wa uhandisi.

Neno lina koo mbili. Walimu wa lugha walilizoea kuanzia mwaka 1965, huko Saint-Lambert, Quebec, watoto wa wazazi wanaozungumza Kiingereza walipoanza chekechea kwa Kifaransa. Wanakompyuta nao wana kifaa cha kuvaa kichwani alichokionyesha mwenzao Ivan Sutherland mwaka 1968, kilichoning'inizwa darini, ambacho michoro yake ya mistari iligeuka kadiri mvaaji alivyogeuza kichwa. Kwa hawa huzamishwa macho na masikio. Kwa wale, mazungumzo. Kiswahili chenyewe kilikwisha kutenganisha mambo: chombo huzama, lakini mtu huzamia lulu, na irabu hiyo moja ya kutendea ndiyo inayobeba kusudi. (Wanaozamia meli tuwaache kwanza, ingawa kusudi wanalo.)

Mwanafunzi aliyevaa miwani anaweza kuzunguka saa nzima ndani ya mtambo wa pampu wa kuigiza, akafungua vali zote, asitamke sentensi hata moja ya Kiingereza. Mwingine, mbele ya kompyuta ya kawaida, anasanifu boriti pamoja na mwanafunzi wa nchi ya mbali, na katika kujadiliana anasema kwamba "strain" imefika megapaskali 200. Mwenzake anauliza: tangu lini "strain" ikapimwa kwa paskali? Alikusudia "stress", yaani kani kwa eneo, ambayo ndiyo hupimwa kwa paskali, ilhali alilolitamka ni uwiano wa badiliko la urefu kwa urefu wa awali, usio na kizio chochote. Analazimika kurudi nyuma na kueleza upya, kwa Kiingereza, mpaka waelewane. Huyu ndiye aliyezamia.

Miwani ikiwakutanisha wawili hao ndani ya mtambo mmoja wakabishana, koo zote mbili zimekutana na sina neno. Isipowakutanisha, mwalimu na ayaite mazoezi ya uhalisia pepe, jina ambalo halina aibu yoyote.