Dar hadi Mbeya kwa ndege: kilomita 690, halafu ile saa moja na nusu inatoka wapi?

Muulize dereva wa semi kuna kilomita ngapi kutoka Dar hadi Mbeya, atakwambia mia nane na ushee. Simu itakuletea 690 hivi. Wote wawili wako sahihi. Barabara inapita Morogoro, inakatiza Mikumi, inapanda Kitonga, inazungukia Iringa, Mafinga na Makambako. Ndege haina habari na Kitonga.

Hiyo 690 unaweza kuipiga mwenyewe. Uwanja wa Dar uko nyuzi 6 dakika 52 kusini, 39 dakika 12 mashariki (dakika hizi ni za ramani, si za saa: nyuzi moja ina 60). Songwe, uwanja wa Mbeya, uko 8 dakika 55 kusini, 33 dakika 16 mashariki. Kusini unashuka dakika 123, magharibi unakwenda dakika 356, ambazo huku kwetu karibu na ikweta zinapungua kidogo tu, zinabaki 353. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 374. Dakika moja ya ramani ni maili moja ya baharini, kwa hiyo hizo ni maili za baharini. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita.

Sasa wengi wanachukua 690 na kuigawa kwa kasi ya ndege. Pangaboi kama Q400 inakimbia kama kilomita 650 kwa saa, kwa hiyo jibu ni dakika 64, kisha wanashangaa tiketi imeandikwa saa moja na nusu. Kasi ile ni ya katikati ya safari tu. Inapopanda, ndege inakwenda polepole zaidi, na saa ya ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoanza kusogea kutoka maegeshoni hadi itakaposimama upande wa pili. Jeti ina kasi zaidi, lakini kwa safari fupi namna hii inaokoa dakika chache kuliko watu wanavyodhani: kupanda na kushuka kunakula sehemu kubwa ya njia.

Kushuka kwenyewe kuna hesabu yake: kila futi 1,000 zinahitaji kama maili 3 za baharini. Songwe iko mita 1,346 juu ya bahari, yaani futi 4,400 na kidogo. Kutoka futi 25,000 unashusha 20,600, hivyo rubani anaanza kama kilomita 115 kabla, ukiwa bado juu ya bonde la Usangu. Ukirudi Dar, ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari, anaanza mapema zaidi, kama kilomita 140.

Mwinuko huohuo ndio unaofanya uwanja uwe na njia ya kurukia ya mita 3,330. Hewa ni nyepesi, injini na mabawa vinapata kazi, na jua la mchana linaongeza tatizo. Ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka.

Kinachovuruga ratiba zaidi ni mawingu. Kaskazini-mashariki mwa uwanja kuna kilele cha Mbeya, zaidi ya mita 2,800, kwa hiyo hakuna mzaha wa kushuka kwa kubahatisha. Rubani asipouona uwanja akifika kimo cha chini kinachoruhusiwa, anapanda tena. Akishindwa kabisa anakwenda uwanja mwingine au anarudi Dar. Masika, kama una kikao cha asubuhi Mbeya, mimi ningeshauri uende jana yake.

Na usisahau ya chini. Songwe haipo mjini. Kuna zaidi ya kilomita 20 kupitia Mbalizi na Iwambi, barabara ileile ya malori ya Tunduma. Lori moja likiharibika mlimani, foleni inakula muda wote uliouokoa angani. Tenga saa nzima, na ukirudi tenga moja na nusu. Basi linachukua saa 12 hadi 14, kwa hiyo bado ndege inashinda, ila ukijumlisha kufika uwanjani mapema na teksi ni safari ya saa tano au sita, mlango kwa mlango.

Anayekwenda Tunduma asiingie mjini kabisa. Akifika barabara kuu akunje upande wa pili, zimebaki kilomita kama 80.