Ongezeko la joto halijumlishiwi 32

Wengi wanaowaandikia Wamarekani habari za tabianchi hudhani kugeuza Selsiasi kuwa Farenhaiti ni hesabu moja tu: zidisha kwa 1.8, kisha jumlisha 32. Ni kweli kwa joto unalolisoma kwenye kipimajoto. Kwa ongezeko la joto, hapana.

Makubaliano ya Paris ya 2015 yanahimiza juhudi za kuzuia ongezeko lisipite nyuzi 1.5 za Selsiasi juu ya wastani wa kabla ya enzi ya viwanda. Kwa Farenhaiti ni nyuzi 2.7. Ukijumlisha 32 unapata 34.7, na hapo umeshaiunguza dunia kwa kalamu. Hiyo 32 ipo kwa sababu maji huganda kwenye 0 ya Selsiasi na 32 ya Farenhaiti. Ukitoa joto la jana kwenye la leo, inajifuta yenyewe.

Kosa la jirani ni kusema joto limepanda maradufu, kutoka Selsiasi 10 hadi 20. Kwa Farenhaiti ni kutoka 50 hadi 68. Maradufu iko wapi? Andika limepanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maradufu na asilimia ziache.