Kupandisha kalori: mwili unavyorudi mezani baada ya dayati kali

Siku ya tano tangu aanze kula tena, mdogo wangu alinipigia simu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi, analia. Mizani ilikuwa imesoma kilo mbili zaidi. Miezi minne alikuwa amejinyima kwa ajili ya harusi yake: yai la kuchemsha asubuhi, kabichi mchana, kabichi na kipande cha kuku jioni, na chai ya rangi isiyo na sukari kila njaa ilipobisha. Tulipokaa baadaye tukahesabu, tulipata kalori kama 800 kwa siku. Sasa harusi ilikuwa imepita, amerudisha ugali, ndengu na chai ya maziwa, na kilo mbili zimemrudia ndani ya siku tano. Alikuwa ameshaamua: leo ni kabichi tena.

Hakuwa ameharibu kitu. Naandika haya kwa sababu ile asubuhi ya tano ndiyo inayowarudisha watu wengi kwenye kabichi, na wanarudi kwa kusoma vibaya namba moja.

Kupandisha kalori ni kipindi cha kuutoa mwili kwenye chakula kidogo mno na kuufikisha kwenye chakula kinachoutosha. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula. Mwanamke mzima, kwa makadirio ya kawaida, hutumia kama 2,000 kwa siku, mwanaume kama 2,500, na anayebeba mawe kwenye mjengo au kutembea kwa miguu hadi kazini kila siku huhitaji zaidi. Mlo wa kalori 800 kushuka chini madaktari huuhesabu kuwa dayati kali mno, isiyofaa kufanywa bila uangalizi wao. Mdogo wangu aliipata kwenye kundi la WhatsApp.

Tuanze na zile kilo mbili, maana hapo ndipo penye machozi.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba takriban kalori 7,700. Ili uongeze kilo mbili za mafuta halisi, lazima ule kalori 15,400 juu ya zile ulizotumia. Zigawanye kwa siku tano, unapata kama 3,080 kila siku. Chapati moja nzito ya kibandani ina kama kalori 300. Kwa hiyo mdogo wangu angelazimika kula kwanza chakula chote kinachomtosha kwa siku, kisha aketi amalize chapati kumi juu yake, siku tano mfululizo. Alikuwa amekula ugali na ndengu.

Basi kilo zilitoka wapi? Nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ndogo ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu kama tatu za maji. Ukijinyima, akiba inakwisha, maji yanaondoka nayo, na ndiyo maana wiki ya kwanza ya dayati yoyote hushusha kilo kwa kasi ya kufurahisha. Ukirudisha ugali, akiba inajaa na maji yanarudi mahali pake. Mtu mzima huweza kubeba glaikojeni ya kama nusu kilo. Ongeza maji yake, umefika kilo mbili bila tone la mafuta. Tena, wanga ukiongezeka, insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu kwenye seli, hupanda, na insulini huziambia figo zishikilie chumvi. Chumvi nayo huvuta maji. Ndiyo sababu pete inabana kidole na soksi zinaacha alama kifundoni. Juu ya hayo kuna uzito wa chakula chenyewe kikiwa bado njiani tumboni. Mtu aliyekuwa hana kitu tumboni sasa anacho.

Uvimbe na kilo hizo kwa kawaida hutulia baada ya wiki chache, mradi usirudi kujinyima. Ukirudi, zitashuka kwa siku tatu, utadhani umepona, na mzunguko utaanza upya.

Jambo la pili ni kwamba mwili uliokaa na njaa si ule ulioanza dayati. Umejifunza kubana matumizi, kama nyumba ambayo mshahara umekatwa. Homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, hushuka. Homoni za tezi ya shingo hupungua nguvu. Moyo hupiga polepole. Hata mienendo midogo usiyoihesabu, kama kutikisa mguu au kuinuka kuchukua maji, hupungua bila wewe kuamua. Mdogo wangu alikuwa akipanda matatu na sweta mwezi wa Februari, wakati Nairobi jua linawaka na abiria wengine wanagombania dirisha. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Hedhi ilikuwa imekosa miezi miwili na hakumwambia mtu. Hilo la hedhi lisichukuliwe kuwa dogo: ubongo ukiona chakula hakitoshi huizima kazi ya uzazi, homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa huanza kupoteza uimara. Dawa ya kwanza hapo ni chakula, na hedhi yenyewe huweza kuchukua miezi kurejea hata baada ya kula vizuri.

Mengi tunayoyajua kuhusu kurudi kwa mwili yalitoka kwenye jaribio moja lililofanywa Marekani mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 wenye afya, waliojitolea baada ya kukataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri. Mwaka 1945, kwa wiki 24, aliwalisha kama kalori 1,600 kwa siku: viazi, mkate, tanipu na makaroni. Angalia namba hiyo vizuri. Ni mara mbili ya aliyokula mdogo wangu, ingawa hao walikuwa wanaume waliotembea maili nyingi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walihisi baridi, wakakosa hamu ya mapenzi, wakawa wakali. Baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuviota vyakula usiku.

Lakini kwangu mimi somo kubwa liko kwenye sehemu ya pili, walipoanza kulishwa. Kwa wiki 12 waligawanywa makundi, kila kundi likaongezewa kiasi tofauti. Waliopewa nyongeza ndogo walijikokota tu. Keys aliona kwamba mwili uliobomoka hauwezi kujijenga kwa chakula cha kutosha kukaa hai peke yake. Unahitaji ziada ya kujengea. Na walipoachiwa wale watakavyo, baadhi yao walikula maelfu ya kalori kwa siku na bado wakasema wana njaa, hata matumbo yakiwa yamejaa. Walinenepa kidogo kupita walivyoanza, kisha miezi ilivyosonga uzito ukatulia karibu na pale ulipokuwa.

Kwa hiyo ukimaliza dayati kali na ukajikuta umesimama mbele ya sufuria usiku wa manane, si ulafi na si udhaifu wa imani. Ni deni linadaiwa.

Mtandaoni utakutana na mafundisho ya kuongeza kalori 50 tu kila wiki, eti ili mwili usishtuke na "uchomaji" ufufuke. Mimi siyakubali kwa mtu aliyekuwa kwenye kalori 800. Kwa mwendo huo atafika 2,000 baada ya wiki 24, yaani atakuwa amefanya dayati nyingine ya karibu miezi sita na kuipa jina la kupona. Kwa mtu ambaye hayumo kwenye hatari nitakayoieleza chini, naona kuongeza 200 hadi 300 kila baada ya siku chache, na kufika panapotosha ndani ya wiki mbili hadi nne, ni mwendo wa haki. Polepole hiyo ni kwa ajili ya tumbo na kwa ajili ya hofu.

Tumbo lenyewe linahitaji kuzoea. Likikaa na kidogo kwa muda mrefu, hulegea kazi, chakula hukaa ndani muda zaidi kabla ya kushuka, na vijiko vitano tu vinakufanya ujihisi umekula sherehe nzima. Gesi, kujaa, choo kigumu: vyote ni vya kutarajiwa. Hapa watu wa dayati hukosea kwa njia ileile. Wanaendelea na mlima wa kabichi na sukuma, halafu wanashangaa nafasi ya ugali haipo. Mboga ni njema, ila kwa sasa ipunguze iwe kando ya sahani na uiivishe vizuri, usiile mbichi. Kula mara tano au sita, kidogo kidogo. Waliokulia karibu na jirani Waislamu wanajua namna ya kufuturu: mtu haanzi na pilau, anaanza na tende na maji, kisha uji, pilau baadaye. Njaa ya siku moja haifanani na ya miezi minne, lakini adabu ya kulikaribisha tumbo ni ileile.

Tulichofanya na mdogo wangu hakikuhitaji duka la vyakula vya afya. Wiki ya kwanza chai ya rangi ilirudi kuwa chai ya maziwa, vikombe viwili, na kiazi kitamu asubuhi pamoja na yai. Kikombe cha maziwa kina kama kalori 150 na yai kama 70. Baada ya hapo tukarudisha mafuta. Alikuwa anachemsha kila kitu, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120 bila kuchukua nafasi yoyote tumboni, kwa hiyo ndengu zikaanza kukaangwa kwa kitunguu na nyanya kama tulivyolelewa. Nusu avokado ya mama mboga juu ya githeri. Uji wa wimbi wenye maziwa saa kumi jioni. Njugu karanga kwenye mkoba, kwa sababu foleni ya Jogoo Road haina huruma. Chapati alizichelewesha mpaka wiki ya tatu, kwa woga, nami sikumsukuma. Na mizani tuliifungia chini ya kitanda.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa tumbo. Alipokonda, watu walimuuliza kama anaumwa. Alipoanza kurudi, shangazi mmoja akamwambia mbele ya wageni, "Eh, umenona!" Kwa shangazi hiyo ni sifa, ni kusema ndoa imekukubali. Yeye alisikia hukumu, akaacha chakula sahanini. Ukiwa na mtu wa namna hii nyumbani, tafadhali usitaje mwili wake kwa wema wala kwa ubaya. Mpakulie, keti naye, zungumzeni habari nyingine.

Sasa ile hatari. Kuna watu ambao kuongezewa chakula haraka kunaweza kuwaua, na hili lilionekana wazi baada ya Vita vya Pili, wafungwa waliokombolewa walipolishwa vizuri na baadhi yao wakafa. Mwili wenye njaa kali huwa umekausha akiba ya fosfeti, potasiamu, magnesiamu na vitamini B1. Wanga ukiingia kwa wingi, insulini huyasukuma madini hayo ndani ya seli kwa ghafla, damu inabaki nayo machache mno, na moyo huweza kupoteza mpigo wake. Hutokea siku za mwanzo za kula. Miongozo ya hospitali za Uingereza huwahesabu kuwa hatarini walio na uwiano wa uzito na kimo (BMI) chini ya 16, au waliopoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito ndani ya miezi mitatu hadi sita bila kukusudia, au ambao hawajala kitu cha maana kwa zaidi ya siku 10. Hao huanzishwa na kalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya uzito, huku damu ikipimwa na vitamini B1 ikitolewa mapema. Mtu wa kilo 45 angeanza na 450 hivi, kisha apandishwe ndani ya siku kadhaa.

Hata aliyekonda kwa makusudi, akiwa amepungua kwa kasi hiyo, asianze peke yake. Mtu aliyekuwa na kilo 70 akashuka chini ya 59 kwa miezi minne apimwe damu kwanza. Vivyo hivyo aliyefunga siku nyingi kwa maji matupu, anayejitapisha, anayekunywa dawa za kuharisha ili akonde, au mwenye kisukari anayetumia insulini. Na ukiona moyo unapiga ovyo, pumzi inakatika, miguu inavimba kwa kasi au kichwa kinachanganyikiwa siku chache baada ya kuanza kula, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Ukimtafuta mtaalamu wa lishe, muulize leseni yake kutoka KNDI, taasisi inayowasajili wataalamu hao nchini Kenya chini ya sheria ya mwaka 2007. Kisha mwambie kiasi ulichokuwa unakula kwa kweli, ukitaja na siku ambazo hukula kabisa. Mdogo wangu alisema 1,200 mara ya kwanza. Mpango alioandikiwa ulitokana na namba hiyo, na ilibidi arudi wiki iliyofuata aseme 800.